Ni kweli Nadine Angerer alisota benchi miaka kumi? Nataka jibu la kumpa binti yangu

MamaGlovu
Wakuu habari za jioni. Binti yangu ana miaka 16, ni kipa, na msimu huu mzima hajadaka hata mechi moja ya mashindano. Yeye ni namba mbili. Jumapili karudi, kazitupa glovu juu ya kabati, kaniambia "mama, mimi basi." Glovu zenyewe nilizinunua kwa hela ya kikoba, kwa hiyo mnaelewa nilivyojisikia.

Mjomba wake akaja na hadithi ya Mjerumani mmoja, Nadine Angerer, eti alikaa benchi miaka kumi, halafu akabeba Kombe la Dunia bila kufungwa goli hata moja. Binti akamjibu, "Mjomba, hizo umetunga." Mimi mpira najua kushangilia tu. Wenye uhakika naombeni msaada: ni kweli? Na huyo dada aliishia wapi?

Shuti_Kali
Kweli tupu dada. China, 2007. Mechi sita, dakika 540, sifuri. Kipa wa Italia Walter Zenga alikuwa na dakika 517 kwenye Kombe la Dunia la wanaume la 1990, huyu mama akazipita. Fainali Ujerumani 2, Brazil 0, na penati ya Marta akaidaka.

Mkazi_wa_Potsdam
MamaGlovu, mjomba hajatunga, ila karuka kipande muhimu. Ngoja nikisimulie, maana mimi naishi Potsdam na huku bado anatajwa kama mtoto wa mtaani.

Timu ya taifa ilimwita kwa mara ya kwanza 1996, akiwa bado hajatimiza miaka 18. Lakini mbele yake alikuwepo Silke Rottenberg, na Rottenberg hakuwa kipa wa kuondolewa kirahisi. Ujerumani wakachukua Kombe la Dunia 2003, Angerer akapata medali yake akiwa benchi. Mwanzoni mwa 2007 Rottenberg akaumia goti, mlango ukafunguka. Angerer alikuwa na miaka 28. Goti lile lingekuwa zima, pengine leo tusingekuwa tunamjadili. Sipendi kumdanganya mtoto kwamba ukisubiri tu zamu yako itafika.

Sasa kipande alichokiruka mjomba. Benchi lile lilikuwa la TAIFA. Klabuni alikuwa anadaka. Kuanzia 2001 hadi 2007 alikuwa hapa hapa, Turbine Potsdam, na timu ikachukua ubingwa wa ligi 2004 na 2006, na kombe la klabu za Ulaya 2005 kwa kuwafunga Djurgården wa Sweden nje ndani. (2008 akahamia kwa hao hao Djurgården. Mpira bwana!) Kwa hiyo alipoingia golini kule China mikono ilikuwa ya moto, miaka yote hiyo hakuwa anashika chupa za maji.

Mimi nimehamia huku baadaye, langoni kwa Turbine sikumwona kwa macho. Ila uwanja ni ule ule, Karl-Liebknecht, pale Babelsberg. Nguzo zake za taa zinakunjwa, kwa sababu jirani kuna bustani ya kifalme iliyo kwenye urithi wa dunia na hawataki mandhari yaharibiwe. Mara ya kwanza kuziona zimeinama nilidhani zimeanguka.

Kuhusu yale magoli sifuri, tusiwe washabiki kupitiliza. Mechi ya kwanza waliwapiga Argentina 11-0, siku ile hata mimi ningesimama golini na kikombe cha chai. Fainali ndiyo ilikuwa kazi. Dakika ya 64, ubao unasoma 1-0, penati, na mpigaji ni Marta, mfungaji bora wa mashindano yale. Ikiingia ile, Brazil wamerudi mchezoni. Akaidaka.

Halafu 2013, fainali ya Ulaya na Norway kule Solna, akazuia penati mbili ndani ya mechi moja. Si za matuta, ni za ndani ya dakika 90! Anja Mittag akafunga moja, kombe likaja nyumbani. Mwaka ule akawa mchezaji bora wa dunia wa FIFA, kipa wa kwanza kuipata tuzo hiyo.

Babu_Offside
Kipa wa kwanza? Na Lev Yashin 1963 mmemweka wapi?

Mkazi_wa_Potsdam
Babu shikamoo. Ya Yashin ilikuwa ya gazeti la Ufaransa, ya mchezaji bora wa Ulaya. Mimi nazungumzia ya FIFA.

Babu_Offside
Marahaba. Hapo sawa, nimekubali kwa shingo upande.

Shuti_Kali
Ameuliza aliishia wapi. Alidaka Frankfurt, akaenda Brisbane Roar ya Australia, kisha Portland Thorns ya Marekani. Akatundika glovu 2015 na mechi 146 za taifa. Kombe la Dunia la mwaka huo, robo fainali, aliwatoa Ufaransa kwa matuta, mkwaju wa mwisho kauzuia yeye. Baadaye akarudi Portland kuwa kocha wa makipa.

Halafu mwambie binti: inasemekana alianza kama mshambuliaji, akaingia golini siku kipa wao alipoumia.

MamaGlovu
Asanteni sana. Nimemsomea yote. Kwenye ile ya kikombe cha chai kacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. Halafu kaniuliza, "Kwa hiyo mama, mimi natakiwa kutafuta timu ya kudaka?" Nikakosa jibu. Kesho nitamfuata kocha wake nimuulize kama anaweza kumwazima kwa timu ya mtaa wa pili, nasikia kipa wao ni mchezaji wa ndani anayejitolea tu.

Glovu nimeziteremsha kabatini. Panya keshaanza kutafuna kidole gumba cha kushoto. Kuna anayejua gundi inayoshika mpira wa glovu?