Kaka anataka nisaini karatasi ya kihamba (shamba la ukoo la Kichaga), imeandikwa "relinquish". Naombeni ushauri

Mama Njiro
Habari za jioni wanajamvi. Nimeolewa Arusha, kwetu Kibosho, Moshi. Baba alifariki mwaka juzi, mama alishatangulia. Tumebaki wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, na kusema kweli tangu msiba amehangaika sana, sina ugomvi naye.

Juzi kanitumia karatasi kwa wasapu, yote Kiingereza, anataka tuisaini mbele ya wakili tukienda nyumbani Krismasi. Nikimuuliza inasema nini ananijibu, "Unaniachia tu kihamba nikisimamie, benki wanataka jina moja." Mstari ulionikwamisha ni huu: "I hereby voluntarily relinquish all my rights, title and interest in the said land." Kamusi ya kwenye simu inasema "kuacha, kuachia". Sasa si ndicho anachosema kaka? Wajuzi wa Kiingereza na wa sheria nisaidieni. Matusi kwa kaka sitaki.

Kahawa Mbichi
Kihamba tena cha Kibosho? Naweka kiti hapa.

Mwalimu Mstaafu
Binti yangu, kamusi haijakudanganya, ila imekushusha kabla ya kituo. "Kuachia" yetu ina kazi mbili. Ukimwachia jirani ufunguo, jioni unaupitia. Ukimwachia mtu shamba moja kwa moja, hurudi kudai hata ndizi. "Relinquish" ni hiyo ya pili tu. Maana ya kukabidhi mtu akushikie haimo kabisa.

Asili yake ni Kilatini, relinquere, kuacha nyuma. Ukoo wake ni "relic", yaani masalia, na "derelict", jengo au meli iliyotelekezwa. Ukijua ukoo huo hulisahau.

Matumizi yake sasa. Halisimami peke yake. Mtu aliyechoka anasema "I give up" na sentensi imekamilika, lakini "I relinquish" imebaki inaning'inia, lazima utaje unachokiachia. Na hicho huwa ni kitu ulichokuwa umekishika: madaraka, cheo, dai, haki, malezi ya mtoto. Sigara haiingii humo, sigara una-"give up". Nimefundisha sekondari miaka mingi, na "he relinquished to smoke" imenimalizia kalamu nyekundu.

Ana wenzake, wasikuchanganye. "Surrender" mara nyingi umebanwa, kuna aliyekuzidi nguvu. "Renounce" ni kukana kwa kutamka, kama mtu anavyoukana uraia. "Abandon" unaondoka hujali kitabaki na nani. "Waive" ndiyo nyepesi: chuo kikikusamehe ada ya usajili mwaka huu, mwakani kinaweza kukudai kama kawaida. "Relinquish" unatoa mwenyewe, pengine kwa shingo upande, na ukishatoa umetoa.

Halafu tazama maneno yaliyoizunguka. "Voluntarily" imewekwa hapo ili kesho usije ukasema ulilazimishwa. "All" haibakizi hata mgomba mmoja. Aliyeiandika alijua anachokiandika, hata kama kaka yako hajui.

Mangi wa Stendi
Mnamtia dada maneno. Mila zetu zinajulikana, kihamba ni cha wanaume na hakiuzwi. Kaka wa watu anatafuta mkopo wa kuendeleza nyumbani. Saini dada, mle Krismasi kwa amani.

Binti wa Rombo
Mangi, kama hakiuzwi, benki wanakitaka cha nini?

Kahawa Mbichi
😂😂 Mangi jibu hilo.

Wakili Msomaji
Dada, alichokueleza mwalimu ndicho mahakama itakachokisoma. Naongezea upande wa sheria.

Kusimamia, kaka yako tayari anasimamia. Akishateuliwa na mahakama, kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawia warithi, kisha arudi mahakamani kueleza alivyogawa. Kwa kazi hiyo hahitaji wewe uachie chochote. Kwa hiyo karatasi hii inafanya jambo lingine: inakutoa wewe kwenye orodha ya wanaogawiwa. Mkopo ukigoma kulipika na benki ikauza, utasimama pale ukiwa umeshatamka kwa maandishi kwamba si chako.

Mangi, mila ipo na siidharau. Ila Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Kabla hata ya hizo, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza ilimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, baada ya mpwa wake kumpinga kwa hoja hiyo hiyo ya mila.

Cha kufanya: nenda Mahakama ya Mwanzo ilikofunguliwa mirathi, omba kuona jalada. Soma muhtasari wa kikao cha ukoo, na uangalie jina lako limo kati ya warithi. Karatasi idai kwa Kiswahili. Mahakama zetu lugha yake ni Kiswahili tangu sheria ilipobadilishwa 2021, kwa hiyo hakuna sababu ya ndugu wa tumbo moja kuandikiana Kiingereza. Na kama kweli unataka kumsaidia kaka apate mkopo, andikianeni makubaliano yenye kiasi, muda, na sehemu yako ikitajwa kuwa inabaki yako.

Mama Njiro
Asanteni sana, mwalimu shikamoo. Nimemwandikia kaka nataka nakala ya Kiswahili, ameisoma hajajibu. Tatizo jingine, mdogo wangu wa kike yuko Dar na alishasaini wiki iliyopita, anasema hakusoma, aliona dole la kaka mwingine naye akaweka. Yeye ndiyo basi?

Mangi wa Stendi
Hapo hata mimi nashika kichwa. Kumbe hata wavulana wanaachishwa?

Wakili Msomaji
Si lazima iwe basi, ila mzigo ni wake. Atatakiwa aonyeshe kwamba hakuelewa alichokisaini, na kauli ya "sikusoma" peke yake mahakimu wameizoea. Aandike sasa hivi, kwa Kiswahili, kwamba hakukusudia kuachia urithi wake, ampe kaka nakala na nyingine aipeleke mahakamani kabla mirathi haijafungwa. Na ajue aliisaini mbele ya nani. Kama wakili hakuwepo na muhuri ukagongwa baadaye, hilo ni jambo zito, alitaje. Kama hana pesa ya wakili, Moshi wapo wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bure, aulize ofisi ya ustawi wa jamii.