Picha zenye chembechembe: gumzo la kikundi cha familia

Zuhura: Shikamooni wakubwa wote. Naomba msaada kuhusu ile kamera ndogo ya dijitali. Picha nilizopiga jana jioni sebuleni zimejaa chembechembe, hasa kwenye nguo nyeusi na penye kivuli, na nyuso hazikutoka vizuri, ingawa kwenye kioo cha kamera zilionekana safi.

Shangazi Rehema: Marahaba, mwanangu. Nimeziona na kwa kweli hazipendezi. Nadhani kamera imechoka, tuchange tununue nyingine.

Mjomba Hamisi: Marahaba, Zuhura. Shemeji Rehema, mchango usubiri kidogo. Picha zilizotumwa hapa si ushahidi wa kutosha, kwa sababu programu hii huzibana na kuzipunguza ukubwa kabla ya kuzifikisha kwetu, na kile kioo cha nyuma ya kamera nacho ni kidogo mno kuonyesha kasoro. Zuhura, tuma moja kama faili, ili tupate picha halisi pamoja na kumbukumbu zake, yaani mipangilio ya kamera iliyohifadhiwa ndani ya faili.

Zuhura: Nimeituma, Mjomba.

Mjomba Hamisi: Nimeifungua. Kumbukumbu zinaonyesha ISO 1600, yaani kiwango cha kukuza ishara ya mwanga, na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya sekunde 1/15, kwa hiyo hapa pana matatizo mawili yaliyochanganyika. Chembechembe zinatokana na ISO. Kamera iliona mwanga hautoshi, ikaikuza ishara ya kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, mara 16 kuliko ambavyo ingefanya kwenye ISO 100. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio wakati stesheni haishikiki vizuri: mtangazaji utamsikia, na mikwaruzo utaisikia pia. Nyuso kukosa ukali ni jambo jingine, kwa kuwa katika muda huo wa 1/15 mkono hutikisika na watu hugeuza vichwa.

Idi: Mjomba, mbona kamera kubwa hazina shida hiyo kwenye chumba hichohicho?

Mjomba Hamisi: Zinayo, ila kwa kiasi kidogo. Kihisi cha kamera nyingi za aina hii kina upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4.5, ilhali kihisi kamili cha kamera kubwa ni milimita 36 kwa 24, yaani eneo lake ni karibu mara 30 ya hicho kidogo, na hivyo hupokea mwanga mwingi zaidi. Ndiyo maana wingi wa megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, ulioandikwa kwenye boksi haunishawishi sana. Zuhura, je, ulikuwa unavuta picha kwa zumu, ili walio mbali waonekane karibu?

Zuhura: Ndiyo, nilikaa mlangoni nikavuta hadi mwisho, ili nisiwasumbue wazee.

Mjomba Hamisi: Hapo ndipo mwanga ulipozidi kupotea. Lenzi za kamera hizi zikivutwa hadi mwisho, tundu lake huwa dogo kulingana na urefu wake, na mwanga unaopita unaweza kushuka hadi theluthi moja. Ukiendelea kuvuta kupita uwezo wa lenzi, kamera haivuti tena bali inakata kipande cha katikati na kukipanua, hivi kwamba kuvuta kidijitali mara mbili kwenye kamera ya megapikseli 12 kunakuachia 3 tu za kweli. Zima uvutaji huo kwenye menyu, rudisha lenzi kwenye upana wake, yaani bila kuvuta, kisha wasogelee, wazee watakusamehe.

Shangazi Rehema: Na ile taa yake ya kumulika je? Mimi hupenda iwake.

Mjomba Hamisi: Inafaa kwa walio karibu, shemeji, kwa kawaida mita 3 hivi. Aliye nyuma ya hapo atabaki gizani. Mimi ningeanza na kuwasha taa zote za chumba.

Idi: Nina programu ya kuondoa chembechembe. Nizisafishe hizi za jana?

Mjomba Hamisi: Jaribu kwenye nakala, lakini usizidishe, kwa sababu programu hizo hulainisha pamoja na nywele na nyuzi za kitambaa, na watu wakatoka kama wamepakwa nta.

Zuhura: Nimetafuta ISO kwenye menyu bila kuiona.

Mjomba Hamisi: Kwenye hali ya kujiendesha yenyewe kamera nyingi huificha. Chagua herufi P, inayokuachia kuchagua ISO mwenyewe, kisha uiweke 200, uegemeze kamera juu ya meza na utumie kipima muda cha sekunde 2, ili kidole chako kisiitikise wakati wa kubonyeza. Futa lenzi pia kwa kitambaa laini.

Zuhura: Nimepiga kabati la vitabu kwa namna hiyo, na hata maandishi madogo yanasomeka. Lakini mtoto aliyepita mbele yake ametoka kama moshi.

Mjomba Hamisi: Ni lazima iwe hivyo, kwani meza inatuliza kamera, haimtulizi mtoto. Kwa watu panda hadi 400, na kwa watoto 800, ukizivumilia chembechembe kidogo. Mchana waweke karibu na dirisha, uso ukielekea kwenye mwanga, uone kamera itachagua kasi gani.

Zuhura: Asante, Mjomba. Kesho mchana nitapiga ya 400 na ya 800 dirishani, nizitume zote mbili kama faili.