Majirani Mwanga: dumu langu liko wapi?

*Mama Shadya:* Habari za jioni majirani, nauliza kwa upole kabla sijapandisha mashetani, nani kaona dumu langu la mawese lile la njano la lita 5, asubuhi nimeliosha kwa maji ya moto na majivu nikaliacha uani likauke, nimerudi toka sokoni halipo na mawese yangu yako kwenye sufuria yamefunikwa na sahani

*Da Neema:* 😂😂 mi sipo

*Baba Ima:* Mama Shadya samahani, lipo hapa kwangu. Ila limeshakatwa

*Mama Shadya:* LIMEKATWA?

*Baba Ima:* Shadya wako kaja nalo, wanatengeneza Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, yeye na Ima, wameambiwa shuleni kesho kila mtoto apeleke kitu alichotengeneza kwa makopo yaliyotupwa

*Mama Shadya:* yaliyotupwa baba Ima, dumu lilikuwa linakauka!!

*Da Neema:* Afadhali la mawese, mwaka jana wangu aliokota chupa ya dawa ya kunyunyizia nyanya akataka kufanya gari, nilimchapa halafu nikamnawisha mikono mara tatu. Hizo hata uoshe vipi usimpe mtoto

*Baba Ima:* Sasa nisaidieni, tumelilaza dumu tukakata upande wa juu, ndani tumepanga maboksi ya dawa ya meno ndo vyumba vya abiria, juu kopo la maziwa. Tukiliweka kwenye beseni linapinduka. Na supagluu haishiki kabisa, unabandika ukigusa tu linabanduka

*Mzee Rama:* Supagluu haishiki plastiki ya dumu, hata upake chupa nzima. Toboa kwa msumari wa moto, fanyia nje huo moshi msiuvute, kisha shona kwa uzi wa nyavu. Hapa Kigoma mtu anakosaje uzi wa nyavu

*Baba Ima:* Shikamoo mzee, upo kumbe

*Mzee Rama:* Marahaba. Na hilo kopo juu la nini, ndo linalokupindua. Uzito unakaa chini. Toa kopo, weka mchanga kwenye mfuko ulale sakafuni

*Da Neema:* au funga chupa mbili za maji tupu ubavuni, moja huku moja huku, si ndo hivyo mitumbwi ya dagaa wanaifunga miwili miwili isicheze

*Baba Ima:* Ima kasema Liemba haina chupa ubavuni 😅 tunaweka mchanga

(dakika kumi hivi kimya)

*Baba Ima:* Imezama

*Da Neema:* 🤣🤣🤣🤣

*Baba Ima:* wamejaza mchanga mpaka juu, Shadya alikuwa anasema bado bado

*Mzee Rama:* Basi hao watoto wameijua meli yenyewe. Wajerumani waliileta vipande vipande kwenye masanduku ikaungwa hapahapa Kigoma, halafu Julai 1916 wanakimbia wakaijazia mchanga wakaizamisha makusudi pale mdomoni mwa mto Malagarasi, injini wamezipaka grisi nyingi zisile kutu. Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927

*Da Neema:* kwa hiyo na sie tusubiri miaka nane

*Mzee Rama:* Punguzeni mchanga, vikombe viwili vinatosha, ikizidi kuegemea upande sogezeni mfuko. Na makali ya lile dumu yapitishieni msasa, rangi nayo itashika vizuri. Mkitaka itembee yenyewe chomekeni vijiti viwili nyuma, fungeni rababendi katikati na kipande cha chupa, mkikizungusha mkakiachia kitaisukuma

*Baba Ima:* Inaelea!! Rababendi imefanya kazi, imevuka beseni zima imegonga ukingo, wanapiga kelele huku nyumba haikaliki. Imekaa kidogo kushoto lakini nani ataona

*Mama Shadya:* Mimi nimeona. Hongereni. Mchango wa dumu jipya unaanza kwa baba Ima, na la sasa hivi nataka angalau kifuniko changu, nimepata chupa kubwa huku kinaweza kuingia

*Baba Ima:* Kifuniko mama...

*Mama Shadya:* nini

*Baba Ima:* ndo bomba la moshi, badala ya lile kopo. Kimeshashonwa