The Four Feathers ya 2002: mmekata sababu yote halafu mnataka tulie?

Wakuu, nina hasira na hii muvi, naomba nisitulizwe.

Naongelea ile aliyoongoza Shekhar Kapur, Heath Ledger akiwa Harry, afisa wa jeshi la Waingereza. Kitabu cha Mason cha 1902, ndo muvi imetoka humo, nilishakisoma, sasa mtu anieleze, Harry kaacha jeshi kwa nini? Jamaa kamchumbia Ethne, kikosi kinaambiwa kinaenda Sudan, huyo kajiuzulu. Basi! Washkaji zake watatu wanamtumia manyoya meupe, yaani wewe mwoga, mchumba naye anaongeza la nne, na sie tumekaa pale tunabahatisha, ni mwoga kweli, anapinga vita, ama kanogewa tu na mapenzi.

Kitabuni sababu ipo tena mwanzo kabisa. Baba yake ni jenerali aliyepigana vita vya Crimea, anawaalika wazee wenzake chakula cha usiku, dogo ana miaka 14 anaruhusiwa kukaa mezani, anasikiliza habari za afisa aliyeogopa kupeleka ujumbe katikati ya risasi akatengwa na kila mtu mpaka akajiua, na wazee wanaisimulia bila huruma hata chembe. Halafu dogo anapanda kulala na mshumaa mkononi, anapita kwenye picha za mababu ukutani, wanajeshi watupu. Hapo ndo unamwelewa, Harry haogopi kufa, anaogopa kwamba siku ikifika ataogopa. Sie tunasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, jaribu kulitamka hilo mezani kwa yule jenerali uone kama utamaliza supu.

Na msiniambie haiigiziki, muvi ya Zoltan Korda ya 1939 ya kitabu hichohicho inayo, mtoto mezani kabisa na jenerali mzee Burroughs anapanga njugu na nanasi kuonyesha alivyopigana Balaclava, kwenye vita hivyohivyo vya Crimea. Miaka 63 kabla!

Sasa Abou Fatma, yule Mwafrika anayemsaidia Harry kule Sudan, ndo kaniua. Djimon Hounsou anaigiza mpaka basi, anamwokota Harry jangwani anakaribia kufa, anatumwa kuwaonya Waingereza wanamwona jasusi wanamchapa viboko, na bado anarudi kumsaidia mzungu. Kwa nini? Eti Mungu kamleta njiani kwake. Hana mke, hana mama, hana deni la mtu, hana kwao. Mtu anayefanya kazi ngumu kuliko wote humo ndani hajapewa hata dakika tano za maisha yake mwenyewe! Na watu wa Mahdi, yule kiongozi wa Wasudani waliopigana na Waingereza, ndo usiseme, vumbi na kelele tu, utafikiri hawakuwa na cha kupigania nchini kwao.

Pigano la Abu Klea kule Sudan nalo, Januari 1885, mraba wa Waingereza, yaani askari waliojipanga pande nne, ulivunjwa kweli lakini vita walishinda, humu kwenye muvi wanakimbia, tena wamevikwa makoti mekundu ambayo siyo ya pale.

Na asije mtu hapa na "ila picha kali". Wamepiga Morocco, jangwa la kule ni zuri hata ukilipiga na simu.