SUV mpya ya zero kilomita inatetemeka kwenye foleni, shoruumu wanasema "ndiyo tabia yake". Nifanyeje?

Binti Mzigua

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia niuze.

Mwaka jana nilichukua SUV ndogo mpya kabisa kutoka shoruumu moja hapa Dar. Jina la gari na la shoruumu nayaacha kwa sababu bado tunazungumza. Injini CC 1400 yenye tabo, giaboksi oto ya gia saba, inavuta mbele tu.

Mazuri yapo, tena mengi. Safari ya Tanga ni raha tupu: gari kimya, linashika barabara, na kuovateki malori ya Chalinze hakuhitaji dua. Kamera ya nyuma imeninusuru Kariakoo si mara moja. Mwanangu analala Madale anaamkia Segera.

Shida ni mjini. Nakaa Madale, kazi Posta. Nikiingia foleni ya Bagamoyo Road, zile za kusogea hatua mbili unasimama, gari linaanza kutetemeka likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Unaisikia kwenye kiti na kwenye usukani. Asubuhi ni kidogo, jioni ndiyo balaa. Juzi kati nikiwa napanda kuelekea nyumbani dashibodi ikaandika kwamba giaboksi imepata moto, niegeshe. Nikaegesha, ikapoa, tukaondoka.

Shoruumu wakachomeka kompyuta yao, hakuna kosa lililorekodiwa. Wakaniambia "dada, ndiyo tabia ya giaboksi hizi, halafu pengine ni namna unavyoendesha." Mimi nimejifunzia Starlet ya mama, manyuali, naendesha mpaka leo!

Mengine ni haya. Mafuta: karatasi yao inasema kilomita 15 kwa lita, mimi napata kama 10. AC inapoa gari likitembea, likisimama kwenye taa saa saba mchana inapuliza vuguvugu. Na halina spea tairi. Chini ya buti kuna kichupa cha gundi na kipampu. Na mawe yetu ya Madale mnayajua.

Kaka yangu anasema uza, chukua Harrier ya yadi. Mume wangu anataka fundi wetu wa Mwananyamala aifungue hiyo giaboksi. Mimi nahofia waranti, bado ipo miaka miwili. Wenye uzoefu, huu ni ubovu au kweli ni tabia?

Bushi Mbovu

Nipo pale nimekaa na Vitara yangu namba B. Haijawahi kuniandikia ujumbe wowote, haina hata pa kuandikia 😂

Pole dada. Nasoma tu, sina la kuchangia.

Babu Segerea

Binti yangu, usiuze sasa. Gari jipya hupoteza thamani kubwa mwanzoni kabisa, hiyo hasara umeshaibeba. Ukiliuza leo unaibeba ya pili. Na mnunuzi wa hapa mjini haangalii viti vya ngozi. Anauliza spea zipo Gerezani? Fundi wa mtaani analijua? Majibu yakiwa hapana, anakukata bei mpaka unatamani kulia.

Harrier ya kaka yako nayo unanunua historia ya mtu mwingine usiyemjua. Kaa na gari, pigania haki yako waranti ikiwa hai.

Fundi wa Gerezani

Mtoa mada, kwa maelezo yako hiyo si oto ya kawaida kama ya Harrier. Ile ya zamani ina kitu tunaita toki, oili ndiyo inayosukuma, kwa hiyo kusogea taratibu haiioni shida. Yako inaonekana ni ya klachi mbili. Ndani ni kama giaboksi ya manyuali, ila kompyuta ndiyo inakukanyagia klachi. Moja inashika gia 1, 3, 5, 7, nyingine 2, 4, 6. Kwenye safari ndefu giaboksi hizi zinabadilisha gia haraka na zinabana mafuta, ndiyo maana Tanga unafurahi.

Ziko za aina mbili. Zipo ambazo klachi zinaoga kwenye oili, na zipo kavu. Injini ndogo mara nyingi zimepewa kavu. Klachi kavu ikisogezwa hatua kwa hatua inateleza nusunusu muda wote, inapata moto, na ikipata moto inashika kwa kurukaruka. Huo ndio mtetemo wako. Jioni ni zaidi kwa sababu jua, AC na kilima vyote vimekutana.

Ya kufanya: usisogee kila mtu akisogea. Kanyaga breki sawasawa, hapo klachi inaachia. Subiri nafasi ya magari mawili matatu ifunguke ndipo uondoke kwa mara moja. Mlimani usilishikilie gari kwa mafuta, shika kwa breki. Foleni ikibana kabisa weka M, yaani gia unachagua mwenyewe, ubaki gia ya kwanza, isihangaike kupanda na kushuka.

Mume wako mwambie aache spana chini. Giaboksi ikifunguliwa nje, waranti yake umeizika. Waambie shoruumu waifundishe upya klachi kwa kompyuta, yaani ipime upya mahali klachi inaposhika, ni kazi halali kabisa, na waangalie kama kiwanda kimetoa programu mpya ya giaboksi hiyo. Kompyuta kusema hakuna kosa haina maana hakuna tatizo. Kosa linarekodiwa likivuka kiwango fulani, mtetemo mwingi unapita chini yake.

Dada wa Mabibo

Fundi nakuheshimu, ila hapo kwenye "usisogee" unawapa shoruumu fimbo ya kumchapia. Mtu katoa mamilioni yake kwa gari jipya, halafu aambiwe ajifunze upya kusimama? Foleni ya Dar haikuanza jana, waliomuuzia wanaijua.

Halafu hebu acha nafasi ya magari matatu pale Mwenge tuone. Bajaji zitaingia tatu, na bodaboda juu yake.

Fundi wa Gerezani

Dada wa Mabibo hatupingani. Mimi namwambia namna ya kuiokoa klachi wakati anadai. Akiiunguza kabisa watapata la kusema zaidi.

Bajaji sina dawa yake.

Namba E

Mimi nina gari ya kampuni hiyo hiyo nikiangalia maelezo yako, ila ile yenye injini kubwa kidogo. Yangu klachi zake ni za oili. Nimeridhika, sitaki kudanganya. Ila nakaa Kigamboni na kazi yangu iko huku huku, daraja navuka wikiendi. Huenda ningekuwa na safari zako ningelalamika pia.

Mafuta usiamini namba ya dashibodi wala ya karatasi. Jaza mpaka pampu ikate, weka tripu sifuri, tembea wiki nzima, rudi kituo kile kile, jaza mpaka ikate. Ukiweka lita 40 na umetembea 420, hiyo ni kilomita 10 na nusu kwa lita. Kwa Madale–Posta hiyo siioni kama ubovu. Namba za karatasi zinapimwa maabara, juu ya mashine, bila foleni ya Tegeta. Pima safari ndefu peke yake. Ukikuta barabara kuu nayo inakupa 10, hapo rudi kwao.

AC: ukisimama kwenye taa injini inajizima yenyewe? Kuna kitufe chenye herufi A iliyozungukwa na mshale. Kwenye magari mengi injini ikizima na kompresa inazima, unabaki unapulizwa na feni.

Binti Mzigua

Namba E!!! Inajizima ndiyo. Nilidhani ile ni kubana mafuta tu. Leo nimebonyeza A mchana kweupe pale Morocco na ubaridi umebaki. Nitakuwa natakiwa kukibonyeza hicho kitufe kila nikiwasha?

Shikamoo Babu Segerea, nimekusikia. Kaka yangu nimemsomea komenti yako, amenuna.

Namba E

Magari mengi unabonyeza kila ukiwasha, ndivyo yalivyotengenezwa. Utazoea. Ikiwa injini inanguruma na bado AC ni vuguvugu, hapo waangalie feni ya mbele na gesi.

Betri ya magari haya ni ya aina yake kwa sababu ya hiyo kuzima na kuwaka. Ni ghali. Ikifa usikubali ya kawaida eti "zote ni volti 12".

Karani wa Posta

Nimechelewa uzi. Niongelee makaratasi tu, ndiyo kazi yangu.

Dada, umeenda shoruumu mara ngapi na una karatasi ngapi mkononi? Wateja wengi wanaongea kaunta, wanapewa soda, wanarudi nyumbani. Siku ya waranti kuisha hakuna kumbukumbu kwamba uliwahi kulalamika. Kila ukipeleka gari dai karatasi ya kazi, na maneno yako yaandikwe kama ulivyoyasema: "linatetemeka gia ya kwanza kwenda ya pili likiwa na moto." Wasiandike "kuangalia giaboksi". Kilomita na tarehe ziwepo. Nakala ibaki kwako. Kisha tuma barua pepe, ambatisha picha ya ule ujumbe wa dashibodi.

Soma kitabu cha waranti kipengele cha klachi. Kampuni nyingi zinaiweka klachi kwenye vitu vinavyolika, pamoja na pedi za breki, na hapo ndipo watakapojificha. Jibu lako ni kwamba hulalamikii klachi iliyolika. Unalalamikia giaboksi inayopata moto kwenye matumizi ya kawaida, gari likiwa jipya.

Kisheria hauko peke yako. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji wa bidhaa auze kitu chenye ubora wa kuuzika na kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Uliwaambia unakaa Madale unafanya kazi Posta? Na Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji. Usianzie huko. Ila barua yako ikiwa na sentensi moja inayoitaja, majibu huja haraka.

Na hilo la "namna unavyoendesha" lina historia. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza Ford ya huko faini ya dola milioni 10 za Australia kwa namna ilivyoshughulikia malalamiko ya wateja kuhusu giaboksi za klachi mbili kwenye Fiesta, Focus na EcoSport. Baadhi ya wateja walikuwa wanaambiwa kwamba mtetemo unatokana na uendeshaji wao. Sisemi gari lako ni hilo. Nasema ukiambiwa hivyo, omba waandike na wasaini. Wengi hawatasaini.

Bushi Mbovu

Karani umeua 👏 Naanza kutafuta karatasi za Vitara.

Babu Segerea

Na spea tairi mmeisahau. Ile gundi inasaidia msumari tu. Ukipasua ubavu wa tairi kwenye jiwe, gundi haifanyi kitu. Inua sakafu ya buti, magari mengine yana shimo la tairi jembamba hata kama halikuwekwa. Kama lipo tafuta rimu yenye matundu ya boliti yanayolingana, na jeki, maana jeki nayo pengine haipo.

Binti Mzigua

Wakuu mrejesho. Niliandika barua kama Karani alivyosema, nikawaambia sitaki kulijaribu gari kwenye uwanja wao saa nne asubuhi. Msimamizi wa karakana akakubali kupanda nami saa kumi na moja jioni kutoka Mwenge kuelekea Tegeta. Kabla hatujamaliza hata nusu ya njia lilianza kutetemeka, na yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani. Nilinyamaza tu.

Kesho yake wakaweka programu mpya na kuifundisha klachi upya. Nafuu ipo, asubuhi halitetemeki kabisa. Jioni bado kidogo likishapata moto. Nimerudi nao, sasa wameandika kwa maandishi kwamba wanaagiza seti ya klachi kwa gharama zao, inatoka nje, nisubiri. Tarehe hawakuweka, nimewaandikia tena kuidai.

Njia ya fundi ya kusubiri nafasi naitumia, na kweli inasaidia. Bajaji zinaingia kama dada alivyosema. Mafuta nimepima kwa kujaza, barabara kuu linanipa karibu 15, kwa hiyo hilo nimelifuta kwenye orodha. Spea: shimo lipo, rimu natafuta.

Mume wangu bado anaitamani spana.

Mgeni wa Kibaha

Nimesajili akaunti kwa ajili ya uzi huu. Nina malipo ya awali mkononi ya SUV ndogo mpya, nadhani ndiyo hiyo hiyo. Nisitishe?

Binti Mzigua

Sitakwambia usitishe, gari nalipenda. Waulize kwa barua pepe giaboksi ni ya klachi kavu au ya oili, na klachi ina waranti ya muda gani. Wakijibu "ni oto tu", uliza tena. Halafu waombe ulijaribu jioni kwenye Morogoro Road, Ubungo mpaka Kimara, AC ikiwa imewashwa.

Fundi wa Gerezani

Na uwe wewe kwenye usukani.