Kumhubiria baba mzazi sebuleni, ni wajibu au ni kukosa adabu?

Mrangi_Nusu: Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Naombeni msaada maana nyumbani hakukaliki. Mzee wetu Mrangi wa Kondoa, Muislamu swala tano, mama Mgogo wa Mvumi, Mwanglikana damu damu, wameishi hapa Nkuhungu miaka thelathini na ushee kila mtu na dini yake, Idi tunakula pilau Krismasi tunakula pilau, hatujawahi kugombana. Sasa mdogo wangu wa kike yuko chuo mwaka wa pili kaokoka huko. Kaja likizo, juzi mzee kakaa na wageni wake wawili wametoka msikitini, binti kaleta chai, kaweka sinia, badala ya kuondoka kasimama hapo hapo, "Baba, ukifa usiku huu unaenda wapi?" Mbele za watu! Mzee hakujibu kitu. Wageni wakanywa chai haraka haraka ya moto vile vile wakaaga. Toka siku hiyo mzee anakula chumbani. Binti anasema katimiza agizo. Mi pia ni Mkristo ila hapa nimekwama, hivi hii ni sawa?

Binti_Sayuni: Bwana asifiwe. Kaka, Mathayo 28:19 inasema mataifa yote, haijaandikwa isipokuwa baba zenu. Halafu yule mtu wa Wagerasi alipotolewa mapepo alitaka aandamane na Yesu, Yesu akakataa, akamwambia enenda nyumbani kwako kwa watu wa kwenu. Nyumbani ndo pa kuanzia. Usimkatishe tamaa mdogo wako kwa sababu wewe ni vuguvugu.

Mrangi_Nusu: Uvuguvugu wangu umeingiaje hapa??

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa: Mbukwenyi. Binti, hiyo Marko 5 nimeifundisha sande skuli miaka mingi. Yule alitumwa akasimulie aliyotendewa yeye. Hakutumwa akawaulize wazee watakufa lini. Na Petro wa pili sura ya 3 anasema muwe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye, tena kwa upole. Awaulizaye! Huyo mzee kuna kitu aliuliza?

Binti_Sayuni: Ni Petro wa KWANZA mwalimu. 3:15.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa: Asante, macho haya. Basi sura hiyo hiyo juu kabisa inasema waume wasioamini wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile neno. Mama yao ndo anayehubiri pale, kimya kimya.

Binti_Sayuni: Na miaka thelathini baba kavutwa?

Mrangi_Nusu: Mama yangu muache tafadhali.

Mama_Mapacha_AreaC: Mi swali langu dogo tu, hizo siku za likizo binti anaosha vyombo? Maana walokole wa chuo nawajua, ninaye mmoja ndani, saa kumi na moja alfajiri ananena kwa lugha mtaa mzima uko macho, ukienda jikoni sufuria la jana mlenda umekauka kama gundi ya fundi viatu. Kama sufuria la mlenda linalala bila kulowekwa, huo wokovu bado haujafika jikoni.

Kimbunga_Makole: Mlenda ukishakauka hata mfungo wa siku arobaini hauutoi 😂😂

Binti_Sayuni: Angehubiri kijana wa kiume kuna mtu angeuliza vyombo? Mwanamke akifungua kinywa tu anarudishwa jikoni. Nyie ndo mnafanya mabinti wakae kimya makanisani.

Mama_Mapacha_AreaC: Mwanangu mimi mwenyewe mwanamke, nimelea wanne, usinifundishe jikoni. Nimesema anayetaka kusikilizwa na baba yake aanze kwa kusaidia. Na maji yenyewe ya mgao, unayasubiri usiku, mtu anakaa kwenye mkesha ndoo tupu.

Abuu_Kolo: Mimi Muislamu nilikuwa nasoma tu. Ndugu zangu, mzee hakuumia kwa lile swali. Mawaidha ya Ijumaa yanatuuliza hilo hilo kila wiki. Kaumia kuulizwa mbele ya wageni wake na mtoto anayemlipia ada. Angemfuata wawili tu jioni, wallahi wangekaa wakaongea mpaka usiku. Hata kwetu aya ipo, hakuna kulazimishana katika dini, Al-Baqara 256.

Kimbunga_Makole: Ada anamlipia nani, si bodi ya mikopo hiyo?

Mrangi_Nusu: Bodi wametoa nusu. Nusu mzee kauza mbuzi.

Kimbunga_Makole: Mbuzi wangapi?

Mrangi_Nusu: Kwani we mnunuzi?

Mazao_ya_Hombolo: Nyumba za mchanganyiko si kitu kipya huku kwetu. Askofu wa kwanza mzalendo hapa DCT, dayosisi yetu ya Anglikana ya Central Tanganyika, aliitwa Yohana Omari, jina lenyewe tu linasema, nadhani ilikuwa 1965. Hakuna aliyepigia watu kelele enzi hizo.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa: 1955 ndugu yangu. Na alikuwa askofu msaidizi. Na kelele zilikuwepo, usituchekeshe, watu wa uamsho walikuwa wanatubu hadharani wanataja na kuku walioiba, majirani wanasikia.

Kimbunga_Makole: Afadhali hao walitaja dhambi zao, siku hizi tunatajiwa za kwetu. Ila tusiende mbali, Katiba ibara ya 18 inaruhusu kueneza dini, binti yuko kisheria.

Abuu_Kolo: Ibara ya 19. Na inasema ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Halafu Katiba sebuleni kwa baba yako? Utamshtaki akikunyima chakula?

Binti_Sayuni: Bado sijajibiwa kuhusu vyombo. Ni kwa sababu ni wa kike, semeni tu ukweli.

Mrangi_Nusu: Nimetoka kumuuliza mama. Anasema toka binti afike vyombo vyote anaosha yeye, na maji ya usiku anakinga yeye. Anayelala bila kuloweka sufuria ni mimi.

Mama_Mapacha_AreaC: Kumbe ni wewe!!

Kimbunga_Makole: Mshtakiwa kajileta mwenyewe mahakamani 😂

Binti_Sayuni: Kwa hiyo mama mapacha unamuomba radhi binti wa watu?

Mama_Mapacha_AreaC: Kwa vyombo naomba radhi. Kwa kumtia mzee aibu mbele ya wageni siombi, na angekuwa wangu chai ningepeleka mwenyewe mpaka chuo kifunguliwe.

Mrangi_Nusu: Mzee bado anakula chumbani jamani. Jana kaniuliza mimi, sio binti, hivi kanisani kwenu huwa mnafundishwa nini. Sikuwa na jibu, nikamwambia naenda kukinga maji.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa: Sasa huyo ndo kauliza! Na aliyeulizwa kakimbilia ndoo.

Binti_Sayuni: Vuguvugu nilisema.

Kimbunga_Makole: Ila serious, sufuria la mlenda uliokauka linatoka na nini? Nina moja hapa toka Jumapili.

Mama_Mapacha_AreaC: Majivu na maji ya moto. Loweka toka jioni, asubuhi unasugua na gunzi. Usitumie steliwaya utatoboa.