Uzamivu (PhD) unakwamia wapi? Tupeane uzoefu

Mzamivu Moro
Wakuu, heshima kwenu. Kuna mwenzetu mwingine kaandika barua ya kuahirisha masomo. Mwaka wa tano huu, data zote anazo. Wengi wanaoacha hawaachi kwa kushindwa na sayansi. Wanakwama kwenye barua, mafaili, msimamizi asiyejibu, jarida bovu. Naomba tuviandike hapa kwa undani: kinachokwamisha ni nini, kwa nini, na unajinasua vipi. Tafadhali tusiishie kuambiana "komaa tu".

Mama Kibali
Naanza na vibali, maana hapo ndipo miezi inapopotelea. Kwa Mtanzania anayesoma chuo cha ndani, barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Pale unapewa ya wilayani na halmashauri, kisha ya kata, na mtendaji wa kata anakupeleka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Ukiruka ngazi moja unarudishwa.

Kinachoharibu mara nyingi ni kichwa cha utafiti. Umeomba barua mapema, halafu siku ya kutetea pendekezo jopo linakubadilishia kichwa. Afisa anashika barua mkono mmoja na dodoso mkono mwingine, anaona maneno hayafanani, anakwambia rudi chuoni. Kwa hiyo subiri kichwa kipitishwe ndipo uombe barua. Halafu taja na wilaya za akiba. Mvua ikifunga barabara ya wilaya uliyoiandika, huwezi kuhamia ya jirani kwa maneno ya mdomo. Muda nao omba mrefu kuliko unaodhani unatosha, kwa sababu kuongezewa muda ni kuanza foleni upya.

Wa afya mna mzigo wa ziada, kibali cha maadili cha kamati ya chuo au NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kulingana na utafiti wenyewe. Fomu ya ridhaa iandae kwa Kiswahili tangu mwanzo. Ukiambatisha ya Kiingereza peke yake, faili linarudi.

Msomi wa Kisumu
Huku Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu inayotoa leseni za utafiti. Maombi ni ya mtandaoni, na huwezi kupata leseni kabla hujawa na kibali cha kamati ya maadili inayotambuliwa. Leseni ni ya mwaka mmoja, kwa hivyo usiilipie wakati dodoso bado linasahihishwa. Na ukishaipata, kabla ya kuanza unafika kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Wengi wanaruka hatua hiyo, wakifika shuleni mwalimu mkuu anakataa hata kuwapa kiti.

Binti wa Takwimu
Hilo la mwalimu mkuu ni kweli tupu.

Kalamu Nyeusi
Mimi niseme la msimamizi. Ukimtumia sura ya kurasa 60 na ujumbe wa "naomba maoni yako Prof", itakaa. Si roho mbaya. Ana vipindi, vikao na wanafunzi wengine, na akifungua faili hajui aanzie wapi. Mtumie kurasa 10 hadi 15 na maswali mawili yanayojibika, kwa mfano: "Je, sampuli hii inatosha kwa lengo la pili?" Taja na tarehe unayohitaji majibu.

Ukitoka kwenye kikao naye, jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi: tumekubaliana hivi, nitaleta hiki tarehe fulani. Mwakani akisema hakuwahi kuikubali nadharia uliyotumia, barua pepe hiyo ndiyo itakayokusemea.

Wasimamizi wawili wakipingana, usikubali kuwa tarishi kati yao. Waandikie wote kwenye barua pepe moja, weka maoni ya huyu na ya yule pamoja, uombe kikao cha watu watatu. Ikifika miezi mitatu ya kimya kabisa, nenda kwa mratibu wa shahada za juu ukiwa na barua pepe zako mkononi. Na fomu ya maendeleo ijazwe ukweli. Ukiandika "naendelea vizuri" mihula minne mfululizo, siku ukilalamika hakuna atakayekuelewa.

Simba wa Sura ya Pili
Miezi mitatu ni mingi mno mkuu. Mwezi mmoja unatosha, baada ya hapo kamsubiri mlangoni kwake.

Kalamu Nyeusi
Kumsubiri mlangoni ni kwa mnaoishi mji mmoja naye. Aliyeko Kigoma na msimamizi wake yuko Dar afanyeje? Na mwezi wa kusahihisha mitihani usimhesabie.

Dokta Mtarajiwa
Ngojeni niwape kisa kilichotokea chuo kimoja ambacho sitakitaja. Dada wa watu kamaliza tasnifu, anakabidhi, ripoti ya Turnitin, mfumo unaopima mfanano wa kazi na maandishi mengine, inatoka asilimia 98. Akaitwa mbele ya kamati kwa wizi wa kitaaluma.

Chanzo chake ni hiki. Wiki chache nyuma alimlipa kijana wa stesheneri "ampimie" asilimia. Kijana alikuwa anatumia akaunti ya mwalimu wa chuo kingine, na akaunti ile ilikuwa imepangwa kuhifadhi kila kazi kwenye hazina ya kazi za wanafunzi. Chuo chake kilipokuja kupima rasmi, mfumo ukakuta tasnifu nzima imeshaingia, kwa jina la chuo kisichomhusu. Alisimama pale akitetemeka, hana hata maneno.

Binti wa Takwimu
Mungu wangu. Alipona?

Mzamivu Moro
Jamani. Na hao wa stesheneri wako kila geti la chuo.

Simba wa Sura ya Pili
Hao walipaswa kukamatwa. Na mwalimu aliyegawa akaunti je?

Dokta Mtarajiwa
Alipona kwa sababu alikuwa na rasimu zote zenye tarehe, na barua pepe za msimamizi zenye masahihisho sura kwa sura. Mkutubi alifungua ripoti, akabofya chanzo kilicholeta mfanano, kikajionyesha kuwa ni kazi ya mwanafunzi iliyopakiwa siku fulani. Akakiondoa chanzo hicho kwenye hesabu, kilichobaki kikawa ndani ya kiwango cha chuo. Lakini nakala ile kuifuta kabisa ni shughuli nyingine: mwalimu mwenye akaunti ndiye anayeomba, na msimamizi wa mfumo wa chuo chake ndiye anayeidhinisha. Mwanafunzi hana kitufe cha kufuta.

Msomi wa Kisumu
Nyongeza muhimu. Pimia maktaba ya chuo chako tu, na uombe wazi kwamba kazi isihifadhiwe kwenye hazina. Marejeo na nukuu ziondolewe kwenye hesabu kabla ya kusoma asilimia. Pia msiogope namba peke yake. Asilimia 15 iliyotawanyika kwenye vyanzo mia, kila kimoja maneno machache ya sura ya mbinu, si sawa na asilimia 8 iliyotoka kwenye makala moja. Hiyo ya pili ndiyo itakayokuletea kesi.

Mama Kibali
Wakuu turudi kwenye mada, bado hatujagusa majarida.

Msomi wa Kisumu
Kwetu kanuni za CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu Kenya, zinataka makala mbili kwenye majarida yenye uhakiki wa wanataaluma, kwa hivyo anza kuandika makala ya kwanza wakati bado unachanganua data.

Simba wa Sura ya Pili
Mimi nasema toa popote penye haraka, ukishapata cheti utaandika za maana.

Kalamu Nyeusi
Huo ushauri utamwumiza mtu, mkuu. Makala ikishatoka kwenye jarida la kitapeli, huwezi kuipeleka kwingine, na data zake zimeshaungua. Jarida linalokuahidi kukubaliwa ndani ya siku tatu halijasomwa na mtu. Usiamini nembo ya Scopus, hifadhidata inayoorodhesha majarida, iliyobandikwa kwenye tovuti yao. Nenda Scopus kwenyewe, tafuta kwa ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida, uangalie kama bado linaorodheshwa au liliondolewa. Kuna matapeli wanaoiga jina na ISSN ya jarida halali, wanafungua tovuti yao pembeni. Kwa hiyo ingia kupitia kiungo cha DOAJ (orodha ya majarida ya kusomwa bure) au cha mchapishaji mwenyewe, siyo kiungo ulichotumiwa kwa barua pepe. Suala la ada ya kuchapisha: wachapishaji wengi wana msamaha kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, ila uombe wakati wa kuwasilisha. Makala ikishakubaliwa, wengi wao hawasikilizi tena.

Binti wa Takwimu
Wa mahojiano, pangeni muda wa unukuzi, yaani kuandika sauti iwe maandishi. Saa moja ya sauti ya watu wawili hula saa 4 hadi 6 za kuandika. Mahojiano 40 ya saa moja ni saa 160 hadi 240, yaani wiki 4 hadi 6 za kazi ya kutwa, na majadiliano ya vikundi yanakula zaidi maana watu wanaingiliana. Nukuu kila wiki ukiwa bado uwandani. Ukisubiri kumaliza yote, utagundua swali la saba halikueleweka wakati washiriki umeshawaacha mbali.

Mama Kibali
Na kutafsiri je? Kuna wanaotafsiri mahojiano yote kwenda Kiingereza ndipo waanze kuchanganua.

Binti wa Takwimu
Kazi mara mbili, tena unapoteza ladha ya alichosema mtu. Changanua kwa Kiswahili, tafsiri dondoo zitakazoingia kwenye tasnifu.

Dokta Mtarajiwa
Sikubali moja kwa moja. Msimamizi asiyejua Kiswahili ataukaguaje uchanganuzi wako? Mtafsirie angalau mahojiano matatu au manne kamili.

Binti wa Takwimu
Hapo sawa.

Mzamivu Moro
Niongeze hifadhi. Nakala tatu: laptopu, diski ya nje inayolala nyumba nyingine, na ya mtandaoni. Flashi si hifadhi, ni chombo cha kubebea virusi vya stesheneri. Zotero, programu ya kutunza marejeo, ya bure inawapa MB 300 tu za kuhifadhi PDF, ila orodha ya marejeo yenyewe haina kikomo, kwa hiyo PDF wekeni kwingine.

Na upweke jamani. Tafuteni wenzenu watatu wa fani yoyote, mpigiane simu siku moja kila wiki, kila mmoja asome kurasa tano za mwenzake. Mwenzenu akikosa mara mbili bila taarifa, mpigieni. Anayekosa usingizi wiki nzima mfululizo amwone daktari au mshauri nasaha wa chuo, asingoje mpaka sura ya nne iishe.

Mgeni wa Uwandani
Nimesoma yote, asanteni sana. Nina swali: mtahini wa nje kaleta maoni ya kurasa 9. Naanzia wapi?

Kalamu Nyeusi
Hongera, umeshapita pagumu. Chora jedwali la safu nne: maoni yake neno kwa neno, ulichofanya, ukurasa wa zamani, ukurasa mpya. Vunja kila aya yake iwe hoja mojamoja, maana ndani ya aya moja huficha madai matatu. Anza na yanayogusa uchanganuzi, kwa sababu yatabadilisha sura ya tano, kisha nadharia, makosa ya tahajia mwisho. Namba za kurasa zijaze siku ya mwisho kabisa, la sivyo utazirudia kila ukiongeza aya. Pale usipokubaliana naye, andika sababu kwa heshima pamoja na chanzo, usiache safu tupu.